Sakafu ya Alhamisi

Hati ya kukiri kosa ilikuwa imeshapigwa chapa kabla Atupele Mwaipaja hajafika. Ilikuwa mezani, nakala mbili, na kalamu imelazwa juu yake. Palikuwa na nafasi ya jina, nafasi ya tarehe na aya moja ya Kiingereza: mimi, mfanyakazi wa usafi, nimechukua Biblia ya kale ya Chama, ninajuta, na ninaacha kazi kwa hiari yangu.

"Kazi yako ni ndogo," Bwana Cornelius Vosloo, mwenyekiti wa Chama, alimwambia. "Msomee kwa lugha yenu, atie saini, twende nyumbani. Akikataa, naita polisi."

Atupele alikuwa amekaa upelelezi wa polisi miaka tisa kule Mbeya, na huu ulikuwa mwaka wake wa pili katika kampuni ya ulinzi ya Jacobs, huku Durban, akifuatilia viatu na makopo ya rangi yanayotoroka viwandani. Alishaona mengi. Kesi inayoanza na hukumu hakuwahi kuiona, na ilimkera. Alipokerwa alizidi kusema polepole.

"Nionyeshe kwanza mahali Biblia ilipokuwa."

"Hakuna haja."

"Nimetumwa kupeleleza, Bwana Vosloo. Kama mlitaka mtu wa kusoma barua, mngemwita tarishi."

Mwenyekiti alimtazama, akashika ufunguo mkubwa wa chuma uliokuwa ukining'inia shingoni mwake kwa kamba ya ngozi. "Mlango wa mbele una ufunguo mmoja tu duniani," alisema, "na ni huu." Akatangulia.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya udongo na paa la nyasi, chini kidogo ya Glenwood, upande ule ambao Makaburu wa kwanza walipiga kambi na magari yao ya ng'ombe katika miaka ya elfu moja mia nane na arobaini. Chama cha Urithi, yaani wajukuu na vitukuu vya watu wale, ndicho kilichoitunza. Kila Jumamosi wanachama walivaa nguo za zamani, wanawake wakafunga boneti nyeupe, wakaonyesha jinsi mababu walivyoishi: mishumaa ya mafuta ya kondoo, kahawa ya kukaanga kwenye sufuria ya chuma, mikate mikavu iliyookwa katika tanuri la udongo uani. Walifanya yote kwa mikono yao isipokuwa kazi moja. Sakafu ilikuwa ya udongo, ikisiribwa kila wiki kwa mavi ya ng'ombe, na hiyo aliifanya Immaculée Nabintu, mwanamke wa Bukavu, siku ya Alhamisi, wakati hakuna mgeni wa kumwona.

Sebuleni palikuwa na viti vya kamba za ngozi, na ukutani upande wa jikoni kasha refu ambalo zamani lilikuwa kiti cha mwendesha gari la ng'ombe. Juu ya kasha palikuwa na kitambaa cheupe, na katikati ya kitambaa hapakuwa na kitu.

"Hesabu ni rahisi," Vosloo alisema. "Alhamisi saa tisa nilipita hapa, Biblia ipo. Yule mwanamke akaanza kusiriba. Mvua ikanyesha usiku, Ijumaa nyumba imefungwa, sakafu mbichi kama uji. Leo Jumamosi saa mbili nimefungua, Biblia haipo na sakafu haina alama hata ya paka. Angeingia mtu baada yake, tungeona nyayo. Kwa hiyo imetoka kabla hajamaliza, na aliyekuwa humu ni yeye peke yake."

Atupele alikiri kimoyomoyo kwamba hesabu ilikuwa nzuri. Nzuri kupita kiasi, kama imefanyiwa mazoezi.

Uani alimkuta katibu wa Chama, Bibi Hester, mwanamke wa miaka sabini aliyefunga boneti, ameshika sinia la unga uliokandwa. Unga ulikuwa umeumuka ukafurika, unaning'inia pembeni.

"Hamuoki leo, mama?"

"Cornelius kasema kuni zimelowa, na wageni kawarudisha." Bibi Hester alisema kwa uchungu wa mtu aliyeamka alfajiri kukanda. "Mwaka wa kumi na moja naoka hapa, hatujawahi kuacha. Na mtafiti wa chuo kikuu alikuja saa tatu kupiga picha kurasa za mwanzo za Biblia, amerudi mikono mitupu. Aibu juu ya aibu."

"Alikuwa na miadi?"

"Ya wiki tatu. Cornelius hakuipenda, hajawahi kumruhusu mtu kuifungua Biblia ile, lakini tulipiga kura akashindwa."

Atupele aligeuka kutazama kuni. Zilipangwa chini ya paa la bati, kavu. Alichukua moja akaivunja gotini, ikalia ko! Akairudisha mahali pake.

Immaculée alikuwa jikoni, ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, mikono kifuani. Hakuwa akilia. Alikuwa mwembamba, wa miaka thelathini na kidogo, na alimpima Atupele kuanzia viatu mpaka kichwani.

"Njo weye balikutuma unisainishe?"

"Wamenituma. Bado sijaamua. Wanakuitaje nyumbani, dada?"

"Mama Prodige."

"Mama Prodige, mimi Atupele. Nitakuuliza maneno, ukinidanganya nitajua, na ukisema kweli nitaisimamia. Biblia umechukua?"

"Nitapeleka wapi? Iko nzito sawa mutoto. Miye sisomi Kiholanzi." Aliinua kidole. "Sikia, mama. Lundi, njo kusema Jumatatu, natakiwa kwenda kuongezesha papier yangu ya ukimbizi. Nikisaini kama niko mwizi, nikifika kule na mutoto mugongoni, nitasema nini? Hapa balisema, saini, hatuite polisi. Mimi nawaambia, mwite polisi! Mwite na jeshi! Sisaini bongo, uongo mutupu."

"Kuna bibi mwenye boneti nje, atakusikia."

"Asikie. Nilimutafuta asikie tangu asubuhi."

Atupele alizuia kicheko, akavuta kigoda. "Niambie unavyosiriba. Mwanzo mpaka mwisho."

Swali hilo lilimshangaza Immaculée, kisha likamlainisha. Hakuna aliyewahi kumuuliza. Alieleza kwamba kule nyumbani mama yake alimfundisha kwa kumpiga vidoleni. Anaanza kwenye ukuta wa mlango wa mbele, amepiga magoti, anachota kwa mkono wa kuume, anapaka nusu duara, anarudi nyuma hatua, anapaka tena. Sakafu ya Makaburu ilikuwa na kitu ambacho Bukavu hakipo: kokwa za fyulisi, yaani pichi, zilizopandwa udongoni, mamia, ili sakafu isilike. Kila akipita kokwa anaifuta kwa kitambaa, ionekane nyekundu, inang'aa.

"Na unamalizia wapi?"

"Hapa. Mulango ya cuisine, ya jikoni."

"Kwa nini si mlango wa mbele?"

Immaculée alimtazama kama anayeulizwa kwa nini samaki hapandi mti. "Mama, kule mbele batu kama miye hatupite. Mulango ya mbele iko ya bageni na bazungu. Hata siku moja sijapita."

"Kilichobaki kwenye ndoo ulikipeleka wapi?"

"Naachaka hapo inje ya mulango, nafunika na plastiki, kama kuna crack, ufa, nitengeneze. Na leo asubuhi baliponiita, nilikuta imepunguka. Nusu yote! Nikasema, eish, huku Durban banaiba hata mavi?"

Atupele aliandika hilo neno kwa neno.

Langoni alikuwepo mzee Dominiki, mtu wa Kigoma, mlinzi wa kampuni ileile ya Atupele. Nje ya lango kijana aliyevaa jezi ya mpira alikuwa akizunguka kama kuku anayetaka kutaga.

"Shikamoo, mzee Dominiki."

"Marahaba, afande wangu. Huyo ni Peguy, mdogo wake yule mama. Mwenyekiti amesema asiingie, ati ndiye aliyeibeba."

Daftari la lango lilikuwa wazi: Alhamisi, saa tisa na robo, kijana Mkongo, gunia zito. Saa tisa na nusu, katoka, gunia jepesi.

"Peguy," Atupele aliita kupitia vyuma. "Gunia lilikuwa na nini?"

"Yaya, dada yangu, ni mavi! Mavi ya ngombe! Kila Alhamisi nafunga meza yangu ya simu kule Point, naenda kutafuta ku zizi, napanda taxi. Ile Alhamisi batu ya taxi balipiga makelele, dereva alinishusha ku robot, ku taa za barabara, nikatembea na mavi ku kichwa mpaka hapa. Sasa bananiita mwizi!"

"Nilifungua nikanusa," Dominiki aliongeza. "Kuingia na kutoka. Wakati wa kutoka lilikuwa tupu, nimelikung'uta mwenyewe. Nilimwambia mwenyekiti. Akasema mlinzi haulizwi maoni."

"Ijumaa aliingia nani?"

"Ijumaa hakuingia mtu."

"Hata mmoja?"

"Mtu hakuna. Mwenyekiti tu."

Atupele alinyoosha mkono, akapewa daftari. Ijumaa, saa nne na dakika tano, mwenyekiti kaingia. Saa sita kasorobo katoka. Buti la gari limekaguliwa, halina kitu.

"Unamkagua hata yeye?"

"Amri yake mwenyewe, tangu kinara cha mshumaa kilipopotea. Nisipofungua buti lake nafukuzwa. Ijumaa nilifungua. Kiti cha nyuma nikaangalia. Mikono yake ilikuwa michafu, afande, kucha nyeusi. Akasema alikuwa anatazama paa."

"Paa la nyasi linachafua kucha?"

"Mimi mlinzi," Dominiki alisema, "siulizwi maoni."

Alirudi sebuleni peke yake, akavua viatu, akapiga magoti. Mwanga wa saa saba uliingia kwa ubavu kupitia dirisha, na sakafu ilianza kusema. Alama za mkono wa Immaculée zilipangika safu kwa safu, nusu duara baada ya nusu duara, sawa kama mizani ya samaki. Migongo ya nusu duara ilielekea mlango wa mbele, alikoanzia, na ncha zake zilielekea jikoni, alikomalizia. Kila kokwa ilikuwa imefutwa ikang'aa.

Isipokuwa katikati. Kuanzia kwenye kasha mpaka mlango wa mbele kulikuwa na ukanda wa upana wa mkono mmoja ulionyooshwa. Humo alama zilikuwa nene, za kubabaisha, za mtu asiyewahi kusiriba hata banda la kuku. Kokwa zote humo zilizikwa chini ya samadi. Na nusu duara ziligeuka: migongo ilielekea kasha, ncha zilielekea mlango wa mbele.

Atupele alikaa kitako. Bibi yake aliyemlea Tukuyu alikuwa na nyumba ya sakafu hiihii. Mtoto yeyote wa kule anajua kwamba anayesiriba hurudi nyuma kuelekea mlango atakaotokea, kwa sababu hawezi kukanyaga alichokimaliza. Ni jambo la kawaida mno, hata mtu hafikirii kulificha. Na mtu ambaye sakafu yake imesiribwa na wengine maisha yake yote hajui hata kama lipo.

Biblia haikupita langoni, na kuni hazikuwa zimelowa. Alisimama, akaenda uani moja kwa moja hadi kwenye tanuri. Lilikuwa jeupe, la duara, na mdomo wake ulizibwa kwa bamba la chuma lililokandikwa udongo pembeni. Alipapasa. Tanuri lilikuwa baridi. Ule udongo wa pembeni ulikuwa na vipande vya nyasi, na harufu yake hakuhitaji kuuliza.

"Bibi Hester," aliita. "Mdomo wa tanuri mnaukandika lini?"

"Mkate ukiwa ndani, moto usitoke. Tukimaliza tunabomoa." Bibi Hester alisogea, sinia bado mikononi. "Nani kaukandika huu?"

Aliwakusanya wote sebuleni: mwenyekiti, katibu, Immaculée. Alimtaka Immaculée asimame ndani, si mlangoni mwa jikoni alikozoea kusimama. Vosloo alikuwa na zile hati mbili na kalamu mkononi.

"Amekubali?" aliuliza.

"Nimekuja na maswali mawili. Ijumaa uliingia humu?"

"Nimekwambia, sakafu ilikuwa mbichi. Nilikuwa ofisini."

"Mlinzi aliambiwa ni paa." Atupele alichuchumaa, akaonyesha kwa kidole. "Tazama hapa. Huyu ni Immaculée: kaanzia mbele, karudi jikoni, kafuta kila kokwa. Huyu hapa katikati ni mtu mwingine. Aliingia kwa mlango wa mbele sakafu ikiwa mbichi, akaacha nyayo mpaka kwenye kasha. Akatoa Biblia nje, akachota kwenye ndoo iliyoachwa mlangoni mwa jikoni, akarudi kufuta nyayo zake, kinyumenyume, akatokea mlango wa mbele. Kokwa hakuzifuta kwa sababu hakujua kwamba kuna mtu anazifuta."

"Upuuzi. Huyu mwanamke angeweza kutokea mbele pia, akipenda."

Bibi Hester ndiye aliyejibu, sauti yake nyembamba.

"Hangeweza, Cornelius. Ulimkataza wewe. Ni azimio la mwezi wa tatu, wafanyakazi watumie mlango wa jikoni tu, na ufunguo wa mbele ubaki shingoni kwa mwenyekiti. Nimeliandika kwa mkono wangu. Ukasaini."

Vosloo aliukamata ufunguo kana kwamba kuna anayetaka kumpokonya.

"Swali la pili," Atupele alisema, kwa Kiingereza kisha kwa Kiswahili. "Nibomoe tanuri mimi, au unabomoa wewe?"

Hakubomoa yeyote kati yao. Immaculée alikuwa ameshatoka. Walimkuta amepiga magoti mbele ya tanuri, anabandua udongo kwa kucha. Bamba likaanguka. Alitia mikono yote miwili ndani akatoa kitu kilichofungwa kwa turubai, akakiweka mapajani mwa Bibi Hester aliyekuwa ameketi bila kujijua juu ya gogo. Ilikuwa kubwa, ya ngozi nyeusi, na vifungo vya shaba.

"Ungeichoma," Atupele alimwambia Vosloo, "ungekuwa umemaliza kazi."

"Ni Biblia," alisema, na kwa mara ya kwanza alisema kitu bila mazoezi. "Ni ya mababu zangu. Nilitaka tu yule mtafiti aondoke."

Bibi Hester alikuwa ameshafungua ukurasa wa mwanzo, ule wa vizazi. Alisoma Kiholanzi kwa midomo tu, akasimama, akarudia kwa sauti, kwa Kiingereza, polepole. "Mwaka 1846. Sanna, binti mweusi tuliyemchukua akiwa mtoto tukamwandikisha kazi za nyumba, leo amezaa mwana wangu. Nimemwita Cornelis." Akainua macho. "Huyu ni baba wa babu yako, Cornelius. Na jina ni lake."

Atupele alimtafsiria Immaculée kila neno, hata lile la kazi za nyumba. Immaculée alisikiliza, akageuka kutazama mlango wazi wa sebule na sakafu iliyokuwa iking'aa ndani.

"Donc, basi, huyu Sanna," alisema taratibu, "njo alikuwa anasiriba."

Vosloo alijikohoza, akarudi kwenye uenyekiti wake kama mtu anayevaa koti. "Basi. Biblia imepatikana, tumshukuru Mungu. Hakuna haja ya kelele. Mwambie anaweza kurudi kazini wiki ijayo, na ule ukanda aunyooshe vizuri Alhamisi."

Atupele alitafsiri hilo pia. Alilitafsiri kwa uaminifu mkubwa, bila kupunguza hata nukta, kwa sababu alitaka kuona litakavyopokelewa.

Immaculée alipangusa mikono kwenye aproni. Alimsogelea mwenyekiti, akamchomoa hati zile mbili vidoleni, akaziweka juu ya kuni kavu, akailalisha kalamu juu yake kama alivyoikuta asubuhi.

"Mama Atupele, muambie hivi. Karatasi iko tayari. Kalamu iko. Akate ile ya mfanyakazi wa usafi, aandike mwenyekiti na jina ya kwake. Moja ni ya yule bibi wa boneti, moja nabeba miye. Hataki? Aite polisi. Miye nangoja hapa. Sina haraka."

"Hii haiwezekani," Vosloo alisema. "Hester, mwambie."

Bibi Hester alifunga Biblia, akabana kifungo kimoja cha shaba, kisha cha pili. "Saini, Cornelius."

Alisaini. Immaculée alisubiri wino ukauke, akakunja nakala yake mara nne, akaitia ndani ya blauzi, kifuani. Halafu akaingia sebuleni na viatu vyake, akakanyaga katikati ya ule ukanda mbaya, akasimama mbele ya mlango mkubwa wa mbele.

"Ufungue."

Neno hilo Vosloo alilielewa bila mkalimani. Ilibidi ainame ili ufunguo ulio shingoni ufike kwenye kitasa.

Mlango ulipofunguka Immaculée hakutoka mara moja. Aligeukia nyuma.

"Alhamisi sikuji tena. Nitakuja Jumamosi, batu bakiwa wamejaa. Basimame hapa ku mulango, baangalie nani anasiriba hii nyumba. Na kama banauliza, weye mwenyewe," akamwonyesha mwenyekiti kwa kidole chenye samadi, "utabaambia jina yangu. Ukimaliza ya kwangu, utabaambia ya Sanna."

Atupele alitafsiri. Bibi Hester alivua boneti, akaikunja, akaitikia kwa kichwa.

Langoni Peguy alikuwa amening'inia kwenye vyuma. Mzee Dominiki alimwona Immaculée akishuka ngazi za mbele, kichwa juu, Atupele nyuma yake, akafungua daftari na kulamba ncha ya penseli.

"Afande, huyu nimwandike katokea wapi?"

"Umeona wapi?"

"Mbele."

"Basi andika ulichoona, mzee. Na jina lake lote."

Dominiki aliandika, herufi moja moja, ulimi nje kidogo. Immaculée alisimama pale mpaka alipomaliza, akasoma, ndipo akatoka.